Hotuba ya Kufungua Kituo cha Uchunguzi wa Gari la Baba Lililokataa Kuwaka

Mheshimiwa Burugumesitiri, mkuu wa komuni yetu, ambaye hukualikwa. Baba Paroko, ambaye ulipita tu. Mama mzazi, uliyesimama mlangoni na mwiko. Mzee Nzeyimana, jirani yetu na Mwenyekiti wa Wasukumaji. Kuku wote wa ua huu. Mabibi na mabwana!

(Makofi. Kuku mmoja anaondoka.)

Mimi, Mhandisi Daktari Annick, Mkurugenzi Mkuu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari, ninasimama juu ya kreti hii ya limonadi hapa Kanombe, leo tarehe nane Agosti 1992, kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifu, na hasa mimi mwenyewe, ili kufungua rasmi Kituo chenye wataalamu arobaini, karakana tatu na kompyuta ya uchunguzi kutoka ng'ambo.

(Vigelegele. Mama anasema, "Shuka, utavunja chupa.")

Ndugu wananchi, mnakumbuka hali ilivyokuwa. Jumatano Baba alisafiri kwenda Butare kwa basi, akaacha gari, na akaacha fomu yangu ya shule ya ufundi, tawi la umeme, bila sahihi, kwa sababu yeye ananitakia ukarani. Alhamisi gari likakataa kuwaka. Baba alipopiga simu kwa jirani nikamweleza, naye akacheka: "Haya, fundi! Likiwaka kabla sijarudi Jumamosi, nitatia sahihi." Sera ya Kituo ikazaliwa hapo hapo.

(Makofi.)

Katika awamu ya kwanza, Kituo kilibaini kwamba stata inazungusha injini kwa nguvu zote, jambo linaloonyesha wazi kabisa kuwa betri ni nzima, kwa hiyo Kituo kikaamua kuchomoa betri, na nikaipeleka Kabuga kwa baiskeli, kwa fundi Ismaël, aliyeitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Dada, betri iko mzima kuliko wewe. Rudisha."

(Vicheko. Mkurugenzi anaomba utulivu.)

Awamu ya pili ilikuwa ya ushirikishwaji. Wasukumaji kumi na wanne, mmoja wao akiwa na nguo za kanisani, walilisukuma gari mteremko wote hadi bondeni, na ninajivunia kutangaza kwamba asilimia mia moja ya magari yaliyosukumwa yalifika chini, na asilimia sifuri yaliwaka. Mama Nyiramana, jirani mwingine, akaniambia, "Mwanangu, hili halitaki fundi, linataka padri." Mzee Nzeyimana aliuliza swali moja la kitaalamu: "Na kulipandisha, nani?"

(Wasukumaji wanatazama viatu vyao.)

Hapo ndipo, mabibi na mabwana, nikiwa peke yangu bondeni na aibu yangu, nilipokumbuka somo la fizikia. Nikafungua balbu ya taa ya nyuma, nikaifungia nyaya mbili, nikaanza kuuliza kila waya: umeme unafika hapa? Kwenye betri, balbu ikawaka. Kwenye ufunguo, ikawaka. Kwenye koili, inayotoa cheche, giza. Nikaandika daftarini, ukurasa wa nne: "Kati ya ufunguo na koili kuna waya mmoja usio wa kiwandani. Unaingia chini ya kiti cha dereva. Umeme unaishia huko." Zulia sikulikata. Ni la Baba.

(Baadhi ya waliohudhuria wanaacha kucheka.)

Leo Jumamosi asubuhi, Baba alishuka kwenye basi, akakuta gari lake bondeni na binti yake ndani. Akaingiza mkono chini ya kiti, tukasikia *taka*, akazungusha ufunguo, gari likawaka. Ni swichi ya siri aliyofungiwa Bujumbura kwa ajili ya wezi, na alikuwa ameizima mwenyewe, akasahau.

"Si wewe uliyeliwasha," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Na nani amekuonyesha waya wa chini ya kiti? Hata mama yako hajui."

"Balbu, Papa." Nikampa daftari.

Akasoma ukurasa wa nne mara mbili, midomo ikitembea.

Cheche, juu! Mteremko, hapana! Fizikia, daima!

(Makofi ya Mama peke yake, mwiko ukiwa kwapani.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wataalamu arobaini, ambao hawapo; karakana tatu, ambazo hazikujengwa; na kompyuta, ambayo imerudi kuwa taa ya nyuma upande wa kushoto. Ugonjwa wenyewe tulioupigania siku tatu haukuwepo. Kilichopo ni fomu moja. Sahihi yake imepindapinda, mkiiangalia vizuri, kwa sababu Baba aliandikia juu ya boneti, na injini ilikuwa inanguruma.