Miwani ya Jua ya Shababi wa Mtoni

Ifahamike kwa wote, wa bara na wa pwani, wenye macho na wenye makengeza, kwamba Sayansi ya Miwani ya Michezo iliingizwa rasmi Temeke na Profesa Suhaib, bingwa wa macho na mwanga. Iliingizwa ndani ya boksi la sabuni, siku ya Jumatano, kwa sababu kule Kinondoni palikuwa na watu wanamtafuta profesa wampige.

Suhaib hakuwa profesa. Shule aliiacha darasa la sita, na shule nayo haikumfuata. Ila alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji, akamwachia na risiti. Miwani yenyewe aliichukua kwa Matar, mwenye duka Kariakoo, ambaye naye aliinunua Dubai kwa jumla bila kuitazama moja moja. Ilikuwa miaka ile ya mlango wazi, ambapo kila kilichokataliwa duniani kilipata ruksa ya kuja kutusalimia.

Kwa sura, miwani ile ilikuwa haina mpinzani. Fremu ya njano, imekumbatia uso mpaka masikioni kama ya waendesha baiskeli wa Ulaya, kioo cheusi kinachong'aa. Ilikuwa na kasoro moja tu, nayo ndogo: ukiivaa huoni. Kioo chake cha plastiki kilikuwa na mawimbi. Ardhi ilipanda na kushuka, cha mbali kikasogea karibu, cha karibu kikaaga. Kijana mmoja wa Mwananyamala, mshindani wa mbio za baiskeli, aliivaa akakwepa shimo lisilokuwepo, akaingia kwenye lililokuwepo. Tangu hapo kaka zake walikuwa wakimuulizia muuzaji mtaa kwa mtaa, wameshika mpini wa jembe.

Ndiyo maana jioni ile Suhaib alikuwa Mtoni, boksi begani, akitafuta watu wasiomjua. Akaukuta uwanja wa mpira. Timu ya mtaa, Shababi, ilikuwa mazoezini, kujiandaa na fainali ya Jumamosi dhidi ya vijana wa Kigamboni. Zawadi ilikuwa ng'ombe dume, na alikuwa amefungwa pale pale uwanjani ili wachezaji wapate hamasa.

Uwanja ule waliupima watu wasiojali jua linazama wapi. Kipa wa goli la mashariki alitazamana na jua la saa kumi ana kwa ana. Kipa wa Shababi, kijana mrefu aitwaye Albano, alikuwa akilinda goli kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka juu ya nyusi kujikinga. Mpira ukapigwa. Ukapita upande wa mkono uliokuwa na shughuli.

Watu wote waliona goli. Suhaib aliona soko.

Nyuma ya goli, kwenye benchi, alikuwa amekaa mzee mwembamba wa kofia ya kufuma, anakuna kidevu. Huyu alikuwa Mzee Hija, mwenyekiti wa kamati ya ufundi. Kwa msomaji aliyekulia mbali na viwanja vya vumbi, nieleze kwa heshima zote: kila timu ya mchangani ina kocha wa kushughulikia yanayoonekana, na kamati ya ufundi ya kushughulikia yasiyoonekana. Kocha hufukuzwa. Kamati haifukuzwi.

Suhaib akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, akatua boksi, akasafisha koo kama mwalimu wa zamu mbele ya paredi.

Alieleza kwamba miwani ya mwanamichezo si miwani ya kuendea harusini. Kwanza, alisema, iwe nyepesi, mtu asahau kwamba kaivaa. Pili ishike pua hata jasho likitiririka, maana miwani inayoteleza ni adui aliyepanda usoni. Iukumbatie uso, vumbi na upepo visipate pa kupenya. Isiwe ya chupa, iwe ya plastiki ngumu, mpira ukiipiga isimtoboe mtu jicho. Iue mng'ao, lakini imwache mtu aone. Na mwisho, bei yake isimlazimishe mtu kuuza kitanda, kwa kuwa ya bei mbaya huibwa na ya bei nafuu hudumu. Ilikuwa hotuba nzuri. Kila neno lilikuwa kweli, ila hakuna lililoihusu miwani aliyoishika.

Wachezaji walikuwa wamesogea. Albano akasema kwa upole kwamba yeye angeshukuru tu kupata kapelo, ile kofia yenye ukingo mbele.

"Kapelo," Mzee Hija akarudia, kama mtu aliyeonja uji ukiwa na mchanga. "Watu wanatuletea ufundi, wewe unataka kapelo. Nenda kakimbie." Albano akaenda kukimbia.

Mzee akaigeuza miwani mikononi. Hakuivaa. Akainama karibu na sikio la Suhaib, akashusha sauti. "Na masharti yake?"

Suhaib alikuwa karibu kujibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, ndipo akaona lile jicho la mzee, limefumbwa nusu, akaelewa. Mzee haulizii biashara. Anaulizia dawa. Dawa yoyote inayoheshimika ina masharti, na kwa watu hawa miwani iliyotoka mbali namna ile, inayong'aa namna ile, haiwezi kuwa ya jua peke yake. Bei ikapanda kichwani mwa Suhaib mara tatu kabla hajafungua mdomo.

"Masharti yapo, mzee wangu," akasema, sauti imeingia kaburini. "Isiguswe na maji. Isipitishwe juu ya moto. Na sharti kubwa, mtu asiivae hata kidogo mpaka filimbi ya kuanza. Akijaribu kabla, imeharibika."

Hilo la mwisho alijipongeza nalo kimoyomoyo. Mpaka filimbi ipulizwe Jumamosi, yeye na pesa watakuwa Tanga.

Mzee Hija akachukua miwani kumi na nne, za wachezaji wote na akiba. Akatajiwa bei, akalipa. Hakuomba kupunguziwa hata shilingi. Mnunuzi asiyelia bei ni wa kuogopwa kama mbwa asiyebweka. Suhaib alilijua hilo tangu utoto, isipokuwa siku ile.

Akaaga. Akainua boksi.

"Unakwenda wapi, fundi?" Mzee Hija akauliza.

"Nyumbani, mzee."

"Fundi halali nje ya kambi. Wewe mwenyewe unajua." Akageuka. "Romani. Mpokee fundi viatu."

Romani alikuwa beki wa kati, na alikuwa mpana kama kabati la nguo. Alivipokea viatu kwa adabu kubwa, akaenda kuvifungia stoo. Hivyo ndivyo Profesa Suhaib alivyoanza kuishi Mtoni peku, kwenye chumba kimoja na mabeki, akifuatwa hata chooni, akihesabiwa kama mali ya timu. Alikuwa na mawazo mawili tu: kuondoka na pesa zake, na kuondoka kabla miwani haijavaliwa. Maana aliujua umati wa mpira. Umati ule ukidanganywa na maisha huvumilia, lakini si kwenye fainali.

Akajaribu kusema anaumwa. Wakasema fundi akiumwa ndiyo dawa inaiva. Akasema mama yake anamsubiri. Wakamtuma mtu akamsalimie. Akasema anataka kwenda kuoga baharini, akajibiwa kwamba fundi haogi, na chakula chake hakitiwi chumvi.

Chakula hicho aliletewa na Mwamvita, mpishi wa kambi, mwanamke wa makamo mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Ijumaa alimwekea ugali na mchicha mweupe, bila chumvi, akasimama kumtazama.

"Wa mwaka jana alikuwa mnene kuliko wewe," akasema. "Alipungua."

"Nani?"

"Fundi. Alikuja hapa kuuza soksi."

"Akaishia wapi?"

"Aliondoka anakimbia. Mbio nzuri, usiseme. Na soksi hana." Akacheka peke yake, akachukua sufuria. "Kula, baba. Nguvu utaihitaji."

Suhaib akala. Alidhani mama wa watu anamtania.

Jumamosi Mtoni nzima ilikuwa uwanjani, na Kigamboni nusu ilikuwa imevuka kwa pantoni. Suhaib aliketishwa kwenye kiti cha peke yake nyuma ya goli, mbele ya watu wote, shuka jekundu begani ambalo hakuliomba. Romani alikuwa na kadi za njano mbili, kwa hiyo alikuwa huru kusimama nyuma ya kiti. Mzee Hija akashika kipaza sauti cha betri.

Aliwashukuru wanachama kwa michango yao ya ufundi. Akawashukuru kina mama wa sokoni, wavuvi, wenye maduka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha, kwamba fedha zote, bila kubaki hata senti, amekabidhiwa fundi huyu mnayemwona. Akaitaja jumla.

Suhaib alikaribia kuanguka na kiti. Alichopewa yeye, ukilinganisha na kilichotajwa, kilikuwa harufu ya mchuzi. Akafungua mdomo. Romani akamwekea mkono begani, mkono mzito wa kirafiki, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Hapo ndipo sayansi ikamwingia. Hesabu za kamati ya ufundi hazikaguliwi. Nani atamdai mganga stakabadhi? Kinachotakiwa ni fundi mmoja tu, mgeni, asiye na ndugu mtaani, ambaye watu wamemwona kwa macho yao. Timu ikishinda, kamati ndiyo iliyomleta. Ikishindwa, fundi ndiye aliyezila fedha.

Refa akawakagua Shababi, akauliza hizo miwani ni za nini. Akaelezwa ni za jua. Akauliza kama ya kwake ipo. Ilipatikana, naye akaambiwa aivae akishapuliza filimbi.

Filimbi ikalia. Shababi walikuwa wamepoteza sarafu, wakapewa goli la mashariki. Wakavaa kwa pamoja, na kwa muda mfupi walipendeza mno. Kisha mshambuliaji wao akarusha teke la nguvu kwenye mpira uliokuwa bado hatua tatu mbele, akalala chali. Mabeki wawili waliruka kuupiga kichwa mpira uliopita chini. Winga alikimbia vizuri kabisa kuelekea kwa ng'ombe. Albano alidaka kila alichokiona, na kila alichokiona kilikuwa upande wa pili. Refa alitoa kona katikati ya uwanja. Kipa wa Kigamboni, aliyevaa kapelo, hakuguswa na mpira.

Mapumziko yalipofika Kigamboni walikuwa na matatu, na umati ulikuwa umeacha kutazama uwanja. Ulikuwa unatazama kiti.

Ulisogea taratibu, kama maji ya kujaa. Wa mbele alikuwa muuza mkaa, mikono mikubwa. Suhaib alitafuta uongo. Maisha yake yote uongo ulikuwa ukimjia bila kuitwa, na sasa alipouita haukuja hata mmoja. Kilichobaki kilikuwa kile asichowahi kukitumia. Akasimama juu ya kiti.

"Jamani, mie si fundi," akasema. "Mie muuza miwani. Hizi ni plastiki, nilizipata kwa bei ya bure, mbovu, hazifai hata kuchezewa na watoto. Albano alitaka kapelo, na Albano alikuwa sahihi. Sijui dawa yoyote. Hata hizo hela mlizotajiwa sijazila zote, naapa."

Muuza mkaa akamtazama Mzee Hija. Mzee akapanda kwenye benchi polepole, kwa huzuni kubwa, akashika kipaza sauti.

"Mmemsikia," akasema. "Fundi gani mzima anajitukana hadharani? Huyu katiwa kitu. Kigamboni wameshamchezea."

Umati ukaguna. Ndiyo, ndivyo ilivyo. Kuna aliyekumbuka kumwona mtu wa Kigamboni akipita karibu na kambi na kikapu. Ghadhabu ikageuka ikaelekea upande wa wageni, na Suhaib, aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya uongo, akajikuta anaonewa huruma kwa ajili ya ukweli.

Mzee akatangaza kwamba dawa ya kuzingua uchawi huo ipo, ila haiji bure, na kipindi cha pili kinakaribia. Akavua kofia yake ya kufuma akaipitisha. Muuza mkaa akatia. Kina mama wakafungua pindo za khanga. Kofia ikazunguka, ikajaa, ikafika mbele ya Suhaib, imeshikwa na Romani. Akasubiri tu, na watu wote wakasubiri kuona kama mgonjwa mwenyewe anataka kupona.

Suhaib akatoa pesa zote za miwani akazitia. Watu wakampigia makofi.

Miwani zikavuliwa. Timu zikabadilishana magoli, jua likawa mgongoni mwa Albano na usoni mwa watu wa Kigamboni, na kwa kipa wao kapelo haikutosha kwa jua la saa kumi na moja. Goli la kwanza la Shababi lilipoingia, Mtoni ilitetemeka, na watu wakaanza kulitaja jina la Mzee Hija.

Wakati huo mzee mwenyewe alikuwa akimsindikiza Suhaib kuelekea barabara ya Kilwa, kwa usalama wake. Alimrudishia viatu. Walikwenda mpaka kelele zikabaki nyuma.

"Mwanangu," Mzee Hija akasema mwishowe, "wenzio huwa wanakimbia tu. Inatupa taabu, watu wanavunja vitu. Wewe umekiri. Na umekiri vizuri mno, hata mie nilikaribia kulia."

"Mzee, mie nilikuwa nasema kweli."

"Ndiyo maana nasema ulifanya vizuri." Akampangusa vumbi begani, kama baba. "Msimu ujao uje tena. Ila si kwetu. Nitakupeleka kwa mwenzangu kule Mbagala, wao hawajakuona. Viatu hutavuliwa, nitamwambia."

Suhaib akaangalia barabara ya kurudi mjini, mfukoni hana hata ya nauli. Akauliza fungu lake litakuwa kiasi gani.