Semina ya Itumbe na Mdomo Wangu

Jumatatu, 3 Novemba

Leo bosi wetu, Madam Magdaline, amenipa semina! Mimi, Jethro, wa dawati la wateja! Amesema ofisi yetu ya bima imejaa watu waliochokana, kwa hivyo Jumamosi tutoke Kisii mjini, tukakae mahali penye hewa, tukumbuke kupendana. Nipange kila kitu. Nimeitikia kwa upole, kama mtu asiye na nia yoyote.

Nina nia! Linet wa idara ya madai anahamishiwa Nakuru mwezi ujao. Mwaka mzima ameketi meza ya pili kutoka kwangu, na nina hamu naye hata akiwa pale pale ameketi. Akienda je? Asubuhi nitamsalimia nani, printa? Lazima ajue kabla hajaenda. Semina ndiyo nafasi yangu.

Jumanne, 4 Novemba

Ronny amedakia. Ronny wa mauzo, mwenye sauti nzito na viatu vya kung'aa. Anataka twende Tabaka tukaone mawe yakichongwa, ati ana binamu huko. Wote wakasema wazo zuri. Hata Linet! Nikasema, kwa huzuni kubwa, kwamba vumbi la mawe yale halifai kifua cha Madam. Madam akakohoa papo hapo. Nikapendekeza Itumbe: majani chai kila upande, ukumbi wenye bustani, utulivu. Sikusema kwamba kwa kina Linet ni ng'ambo tu ya barabara.

Itumbe imepita. Pole sana, Ronny.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango umeiva. Tukishakula mchana tutapita kwa wazazi wa Linet kuwasalimu. Linet amekubali, amesema mama yake atafurahi, ila tusikawie. Tusikawie! Mimi ningehamia kabisa.

Wanaume wote wavae suti. Mikono mitupu, hapana: tubebe sukari, mikate, na blanketi la mama yake Linet. Na msemaji awe mmoja tu, yaani mimi. Ronny akifungua kinywa kile mbele ya wazee, nimekwisha. Nimemwambia abebe blanketi, anyamaze, atazame chini, kwa sababu baba yake Linet ni mzee wa kanisa na hapendi vijana wa maneno mengi. Amenishukuru kwa ushauri! Mjinga.

Jumamosi, 8 Novemba

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulivuta kamba kwenye matope, Madam akaanguka, akacheka, watu wakapendana. Kisha tukavuka barabara.

Sebuleni nikasimama. Ee, niliongea! Nilisifu boma, nikasifu ng'ombe, nikasifu malezi. Nikasema tumefuata ua zuri lililochipuka katika boma hili, na kwamba kati yetu upo moyo usiopata usingizi kwa ajili yake. Nilimaanisha wangu. Wala sikuwa naigiza.

Baba yake akaweka kikombe chini. Akasema mbuya mono, vizuri sana, amepokea wageni wengi lakini esigani hodari namna hii hajapata kumwona.

Esigani! Mshenga! Nikataka kueleza, lakini mama alishapiga vigelegele na shangazi wakatoka jikoni wakicheza. Mzee akasema amefurahi kuona vijana wa siku hizi bado wanajua mila: mwenye haja hajiombei, humwachia esigani maneno, naye hukaa kimya na heshima zake. Akamtazama Ronny. Wote wakamtazama Ronny, na blanketi mapajani, macho chini, jasho usoni.

Ningesemaje? Kwamba esigani amekuja kujiombea mwenyewe? Ningefukuzwa na mbwa.

Nikamgeukia Linet akanushe. Alicheka, ndiyo, akafunika mdomo. Kisha akamtazama Ronny tena, taratibu. Mwaka mzima nimengojea jicho lile! Limenipita kama mimi ni mlango. Nikaketi, nikanywa chai. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekwenda kwetu Kiogoro. Sikula. Mama akanibana, nikamweleza yote. Akauliza ni nani katika ukoo wetu amewahi kuona mwanamume akisimama kujiombea mke. Nikasema mama, ilikuwa semina. Akauliza semina gani ya blanketi.

Namkosa Linet. Hata hajaenda Nakuru, tayari namkosa.

Jumatatu, 10 Novemba

Ronny amekuja mezani kwangu, mpole kama si yeye. Amesema hajawahi kumfikiria Linet hata siku moja, lakini tangu Jumamosi hana jingine kichwani. Jana wameongea kwa simu. Linet amemwambia hakujua kumbe yeye ni mtu mtulivu. Mtulivu! Ronny! Na wazee wametuma neno: esigani arudi Jumamosi. Je, ningemsaidia? Nimekataa. Nimemwambia hata mimi nina utu wangu.

Kisha Linet mwenyewe akaja. Akasimama kwenye meza yangu, meza yangu mimi! Akasema hakuna mtu aliyewahi kusema maneno kama yale juu yake, kwamba nusura alie, na hajui niliyatoa wapi. Akanigusa mkono wa shati. Akaniomba niende.

Nimekubali. Na nikifikiria vizuri, hii ni bahati! Esigani huingia pale peke yake, huketi karibu na baba, na chai huletwa na binti mwenyewe. Ronny haruhusiwi hata kukanyaga langoni. Uwanja wote ni wangu! Nimepiga pasi shati la buluu. Na safari hii nitaongea kuliko siku ile, nitaongea mpaka mzee ajue moyo ule ni wa nani.