Marufuku Kuhema na Mzigo

Wananchi mnatangaziwa kwamba hewa ya katikati ya jiji sasa ni safi kuliko ilivyowahi kuwa. Nasema hivi kama Katibu wa Kamati ya Mizigo Endelevu, na kidude cha kupimia ninacho mwenyewe.

Tulianza kwa kupiga marufuku malori mtaa wa maduka. Mikokoteni ikashika kazi. Hapo Mkurugenzi wetu, mtu ambaye halali ila kwenye vikao, akagundua kwamba wasukumaji wanahema, na pumzi nayo ni hewa chafu. Ikatoka kanuni: mzigo ufikishwe bila kuhema. Anayehema, mali yake inakaa yadi mpaka afaulu mtihani wa kusukuma bila kuhema, apewe cheti.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Breki, aitwaye hivyo kwa kuwa mkokoteni wake hauna. Kila asubuhi alipanda ngazi hadi dirishani kwangu.

"Katibu, ndugu yangu, nirudishie mkokoteni. Wanangu wanakula kwa magurudumu yale."

"Ulihema, Breki."

"Saruji, tena mlimani! Wewe ukipanda ngazi hizi huhemi?"

"Mimi si chombo cha usafirishaji," nikamjibu kwa upole. Ndivyo nilivyoumbwa.

Punde mikokoteni yote ikawa yadi, na kidude kikasoma sifuri. Maduka yalikuwa matupu, lakini hayo ni ya idara nyingine.

Waziri akasikia, akaja kumvisha Mkurugenzi nishani. Siku yenyewe, lori la viti vya sherehe likazuiwa nje ya mtaa, kama kanuni inavyotaka. Mkurugenzi akaagiza mkokoteni wa Breki utolewe, na mwenyewe aitwe asukume.

"Sina cheti, mzee," Breki akasema. "Sheria naiogopa mie."

Lo! Mkurugenzi akavua koti, akasukuma mwenyewe. Kufika kona ya benki, askari wetu mpya, kijana asiyejua utani, akamwekea kidude chake cha doria mdomoni. Kikapiga kelele.

"Unahema, bosi."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Kanuni umeisaini wewe."

Mkosaji hupelekwa yadi, na magari hayaruhusiwi. Miguu ya Mkurugenzi ilikuwa imegoma. Akapakiwa juu ya viti, na Breki akaruhusiwa kusukuma, uwe ndio mtihani wake.

Breki hakuwa na haraka. Alikwenda mdogo mdogo, asije akahema, na wenye maduka wakatoka kutazama kwa kuwa hawakuwa na kitu cha kuuza. Waziri alipiga makofi, akamvisha Mkurugenzi nishani palepale juu ya viti. Alidhani msafara ule umo kwenye ratiba.

Kule yadi, kidude kilikaa kimya. Nikamsainia Breki cheti, akaondoka na mkokoteni wake akipiga mluzi. Nishani ikabaki yadi, kwa kuwa ni mali ya aliyehema.

Sasa kila asubuhi Mkurugenzi hupanda ngazi hadi dirishani kwangu, ameshika kiuno.

"Katibu... ndugu yangu... nirudishie..."

"Unahema, mzee."