Bahari kwa Kinyozi

Jumatatu, 4 Agosti
Ndege wa Kusnan ameshinda tena mashindano ya kuimba. Kusnan ni kinyozi mwenzangu, kibanda chake kinatazamana na changu. Sasa watu wanakaa kwake foleni ndefu na kwangu hakuna foleni, eti wanamsikiliza ndege. Mbele yetu kuna sikukuu ya uhuru, na mji mzima wa Semarang utataka kunyolewa. Pigo gani hili!

Nimepata dawa. Yeye ana ndege? Mimi nitaweka bahari.

Mchana nimeleta tangi la kioo kutoka kwa Koh Liong, muuza samaki. Mchanga, mawe, madumu ya maji ya bahari, pampu mbili. Koh Liong akanisomea somo refu. Kwamba samaki hapumui viputo, anapumua hewa iliyokwisha kuingia majini, na hewa huingia pale uso wa maji unapotikisika. Kwamba pampu moja ielekee juu kidogo na nyingine izungushe maji nyuma ya mawe, pasiwe na kona ambayo maji yamelala. Kwamba nisubiri wiki kadhaa kabla ya samaki. Niliitikia kwa kichwa kila alipopumzika. Mtu mwenye haraka ya kuondoka huitikia.

Jumatano, 6 Agosti
Nimewasha. Pampu zote mbili nimezielekeza chini, kwa sababu juu zilikuwa zinaonekana na kuharibu mandhari.

Mchanga wote umenyanyuka. Tangi zima limekuwa rangi moja, huoni jiwe wala kioo cha upande wa pili. Kusnan akavuka barabara na kitambaa begani, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

“Jirani, hii bahari au chai ya maziwa?”

Wateja wake wakacheka mpaka ndege akanyamaza. Nilimwambia bahari zote huanza hivyo. Akaniuliza kama na sukari nimeshatia.

Alhamisi, 7 Agosti
Mchanga umetulia. Nimegeuza pampu juu. Juu kabisa! Maji yakaruka kama bomba lililopasuka. Yamelowesha kioo cha kujitazamia, taulo, na kipara cha mwalimu mmoja aliyekuja kupunguza ndevu. Kioo kimekauka kikabaki na chumvi, wateja wanajiona wamezeeka.

Mke wangu Rumiyati ameniuliza kama leseni yetu ni ya kunyoa watu au kuwaogesha. Nimekamua taulo. Ila nimepata wazo: kifuniko.

Jumamosi, 9 Agosti
Ushindi!

Wiki kadhaa zimeniwia ndefu, nimenunua samaki leo. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mmoja wa bluu ambaye ukimtazama unasahau ulichotaka kusema. Koh Liong aliuliza kama tangi limekomaa. Nikamwambia limekomaa kuliko mimi. Hilo alilikubali haraka mno.

Nimekata kioo cha kufunika juu, kimebana kama kifuniko cha sufuria ya wali. Pampu moja nimeizima kwa sababu inanguruma. Nyingine nimeificha nyuma ya jiwe. Badala yake nimeweka sanduku dogo la hazina linalofunguka na kutoa viputo viwili vitatu. Maji yametulia, unaweza kuchana nywele ukijitazama juu yake.

Foleni imefika mlangoni! Kusnan amesimama kwake na mkasi, hana wa kumkata. Nimempungia mkono.

Jumanne, 12 Agosti
Samaki wamenizoea. Tangu asubuhi wako juu, midomo wazi, wakiniangalia. Niliwaeleza wateja kwamba wananisalimia.

Rumiyati alisimama akatazama. Akasema hiyo si salamu, huo ni mdomo wa mtu aliyepanda ngazi na gunia.

Tumebishana. Kisha nikafunua kifuniko ili nimwonyeshe, nikakuta juu ya maji pana utando unaong'aa, wa vitu vinavyoingia kila ninapofunua kuwalisha. Poda yangu. Mafuta yangu ya nywele. Na nywele za nusu ya mtaa. Koh Liong kwenye simu alipiga kelele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio: nitoe kifuniko, niufagie utando, nirudishe pampu zote mbili na uso wa maji ucheze.

Nimefanya hivyo. Wamerudi chini, wanaogelea vizuri. Lakini kelele! Na matone! Na Ijumaa anakuja Pak Hartoyo, mwenyekiti wa mtaa, kunyolewa kwa ajili ya kupandisha bendera. Amenichagua mimi. Siwezi kumlowesha mwenyekiti.

Ijumaa, 15 Agosti
Naandika mikono ikiwa bado inanuka chumvi.

Pak Hartoyo alifika na kamati yake nzima. Kifuniko nilishakirudisha, pampu moja nilishaizima. Kimya, utulivu, heshima. Nikampaka mafuta, nikanyoa upande wa kushoto vizuri sana.

Umeme ukakatika. Mtaa mzima.

Mashine ikafa mkononi. Pampu iliyobaki ikafa. Sanduku la hazina likajifunga. Pak Hartoyo akauliza kwa upole kama amekwisha. Hakuwa amekwisha. Alikuwa watu wawili.

Kabla sijashika mkasi, mmoja wa kamati akasema, “Huyu wa bluu mbona amelala?”

Alikuwa amelala ubavu, karibu na uso wa maji, mdomo ukifunguka polepole. Nikaondoa kifuniko, nikaanza kupuliza. Kwa mdomo wangu! Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Nikamsahau mwenyekiti. Niseme kweli, kwa sababu hapa hakuna anayesoma: niliogopa. Nilimwambia samaki anisamehe.

Kusnan aliingia akikimbia, ana kopo la kuogea mkononi.

“Acha kupuliza, utaanguka wewe! Chota, mwaga! Inua juu, jirani, maji yaanguke kwa kishindo!”

Akachota, akamwaga toka juu. Povu likatanda. Wateja wake wakaja na makopo, kamati wakachukua vikombe vya chai, Pak Hartoyo mwenyewe akasimama na shuka langu shingoni, nusu kichwa, akichota na kumwaga huku akihesabu kama kwenye gwaride. Watu wakajaa hadi barabarani. Kila aliyechoka alipokewa.

Wa bluu akatikisa mkia. Akakaa wima. Mtaa ukashangilia kama tumefunga goli. Poda iliniingia machoni, yote mawili.

Umeme uliporudi Kusnan aliziweka pampu mwenyewe, moja juu kidogo, moja nyuma ya mawe. Uso wa maji ukawa unacheza tu, hakuna tone lililoruka. Kisha akamkalisha Pak Hartoyo akammalizia kichwa. Hakudai shukrani. Akasema tu, “Usizime tena, bwana. Na mafuta ya nywele peleka kona ile, mbali na maji.” Nikamwambia nimeelewa.

Jumapili, 17 Agosti
Bendera imepanda. Pak Hartoyo alivaa kofia muda wote, kichwa hakikuonekana. Watu hawakuzungumzia ndege hata kidogo. Wote samaki, samaki, samaki. Waliokosa Ijumaa walisikitika kweli.

Jumatatu, 18 Agosti
Leo wateja wawili tu. Samaki wazima, maji yanacheza, na hakuna anayeshangaa. Nimekaa nikafikiri.

Kibanda changu hakijawahi kujaa kama Ijumaa. Na kilijaa kwa nini?

Nimenunua makopo mapya, ya rangi nyekundu na nyeupe kama bendera. Kila Ijumaa baada ya sala nitazima pampu, kidogo tu, kisha nitatoka barabarani nipige kelele kwamba samaki wanakufa. Rumiyati ameuliza makopo ya nini, nimemwambia ya bafuni. Kifuniko nimekirudisha, maana bila kifuniko samaki wanachelewa kuchoka.

Wa bluu nimeshamweleza mpango. Alinitazama, mdomo wazi. Nadhani amekubali.