Ombi la Binti Mfalme Akubaliwe Kula Chapati

Kidato cha Tatu Mashariki,
Nakuru.
Juni 2007

Kwa Mwalimu Wasike,
Mlezi wa Chama cha Drama.

Mwalimu mheshimiwa,

MINTARAFU: NJAA YA BINTI MFALME

Natumai barua hii itakupata ukiwa umeshiba. Mimi sijashiba, na ndiyo sababu ya kuandika.

Ni wewe uliyenichagua niwe Binti Mfalme katika mchezo huu wa kale tunaousoma darasani, ambao tutauigiza Siku ya Wazazi. Nilifurahi sana. Nilimpigia mama simu kule Kuresoi, naye akawatangazia wote waliokuwa shambani wakichimba viazi. Hakuna aliyenionya kwamba Binti Mfalme anagoma kula mwanzoni kabisa, na hali kitu mpaka anapokufa gerezani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karamu ya mfalme ni ya kweli. Mfalme ni Arjun, na mama yake, anayeishi hapa mjini, hututumia hotpoti iliyojaa chapati za moto kila siku ya mazoezi ili tuigize vizuri. Mwalimu, chakula cha bweni unakijua. Jumatatu githeri ya mahindi na maharagwe, Jumanne githeri, na Jumatano ni githeri iliyobaki. Chapati wengine wetu huziona Krismasi. Mbele ya hotpoti hiyo ndipo ninapotakiwa kukunja uso na kutamka kwamba chakula cha dhalimu ni kichungu kinywani. Si kichungu. Nimekinusa.

2. Ogola ni Mgeni wa Pili. Maneno yake mchezo mzima ni "Ndiyo, mtukufu," na hata hayo siku hizi hayasikiki kwa sababu mdomo umejaa. Mimi nimekariri kurasa na kurasa kwa tumbo tupu.

3. Ulituhimiza tuigize kama mambo ya kweli. Juzi tumbo langu lilinguruma katikati ya hotuba ya mfalme, darasa zima likacheka, nawe ukaniambia nilidhibiti. Nimejaribu. Halisikii la mtu.

4. Nimeuchunguza mchezo kwa makini na naona kosa ni la mtunzi. Binti akikubali chapati moja tu hapo mwanzo, mfalme hatakasirika. Asipokasirika, hakuna gereza. Bila gereza hakuna kifo, bila kifo hakuna vita, na wazazi watarudi nyumbani kabla ya mvua. Hata mtihani utakuwa rahisi. Tukiulizwa tueleze sababu za kifo cha Binti Mfalme, tutaandika kwamba hakufa, alishiba, na mtahini atamaliza kazi yake mapema.

5. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wenzangu hawana huruma. Karamu ikiisha hujifuta mikono kwenye joho la mfalme, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunibakishia kipande. Mimi nimelala gerezani, yaani nyuma ya madawati mawili, nikiwasikia wakilamba vidole. Yale machozi uliyoyasifu wiki jana hayakuwa ya kuigiza.

Kwa hivyo naomba Binti Mfalme akubali kula katika onyesho la kwanza. Ikishindikana, nipewe nafasi ya Ogola, naye Ogola avae gauni langu. Litamkaza, lakini akikaa na njaa kama mimi litamtosha.

Nisalimie Mwalimu Mkuu, wapishi wetu (hawana kosa, githeri hawakuibuni wao), na mama Arjun mkikutana. Mwambie harufu hunifikia vizuri.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu na mwembamba,
Cherono

Tanbihi: Mwalimu, nilikuwa sijaikunja barua hii tulipoitwa mazoezini leo jioni. Kibii, yule Askari wa Gereza asiye na neno hata moja la kusema mchezoni, aliinama kana kwamba anakagua minyororo yangu, akatoa chapati chini ya ngao na kunipitishia kati ya madawati. Alininong'oneza nile upesi, "Manga hii chapo mbio, odijo ameangalia kando." Odijo ni wewe, samahani. Ilikuwa bado ina moto. Tafadhali, mchezo usibadilishwe hata neno moja. Mtunzi alijua alichokuwa akifanya. Ila onyesho la gereza ni fupi mno. Ukiweza lirefushe, na askari abaki yule yule. Hilo doa la mafuta kwenye sahihi yangu ni machozi.