Kikuku cha Bibi Anatolia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Rubwera. Pastory, jirani yangu wa dukani, kauza hereni za kiwandani kutwa nzima. Mimi, sonara niliyesomea, sijauza hata pini! Ila dawa yake ninayo. Bibi yangu Anatolia, kule Kamuli, ana kikuku cha shaba alichokisokota marehemu Rwebugisa, mhunzi aliyewavisha mabibi wa mabibi zetu. Nikiijua siri ya mkono wake, Pastory atahama mji.

Jumanne, 10 Juni
Kamuli. Shikamoo, ndizi, kahawa. Bibi akasema kikuku kilikuwa cha mama yake, na Jumamosi dada yangu Ainebyona atakivaa akiolewa. Nikamwambia nakwenda kukisafisha tu. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Miwili!

Jumatano, 11 Juni
Waya mwembamba ajabu, umezungushwa juu ya singa za mkia wa ng'ombe. Ukivuta kinavutika, ukiachia kinarudi. Rwebugisa, wewe! Nimechora, nimepima, roho haikutulia. Nikafungua ncha kidogo. Nikafungua tena kidogo.

Singa zote zimekuwa unga. Shaba vipande vipande. Mama yangu weee!

Ijumaa, 13 Juni
Nimetengeneza kingine. Ndani rasta za saluni, nje waya wa mota iliyoungua. Nimekisugua kwa limau, kinawaka! Rwebugisa mwenyewe asingekishtukia.

Jumamosi, 14 Juni
Bibi hata hakukitazama. Alikinusa. Akauliza samli iko wapi. Kumbe mama yake alikuwa akijipaka samli miguuni, na harufu ile ilibaki kwenye kikuku. Akimkumbuka, hukinusa. Hakunigombeza. Heri angenichapa! Akamvalisha Ainebyona kile cha rasta, kisha akajifuta macho kwa kanga. Ndizi zangu za harusi niliwapa watoto. Najichukia.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada mama mdogo Restuta akanivuta pembeni. Akasema nisijitese: vikuku vya Rwebugisa vilivaliwa viwili viwili, na cha mguu wa pili anacho yeye, nyumbani kwake Nyakahanga, sandukuni. Bado kinanukia samli. Nimelia mbele za watu. Bibi atapona moyo!

Kesho naenda kukichukua nimpelekee. Na nitampelekea, haki ya Mungu. Ila kitapitia kwanza mezani kwangu. Ncha moja tu. Jumatano nilikosea kuanzia kushoto.