Ukurasa wa Kumi na Saba

Leo nimeaibika mpaka masikio yakashika moto. Niko hapa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, mjini Machakos, nawaandikia nyinyi wachezaji wenzetu mliohamia Nairobi kabla Kilonzo hajawaandikia na kuongeza chumvi.

Timu yetu ya basketi imepata kabati la vitabu. Maktaba ya mjini imetupatia vitabu vya mchezo, na leo baada ya mazoezi tulikuwa tunachagua mtunza kabati. Sasa sikieni: mipira nayo inawekwa humo humo. Mwenye ufunguo anacheza saa yoyote anayotaka! Nimeutamani ufunguo huo kuliko nilivyowahi kutamani ndoa. (Mchumba wangu asisikie.)

Kocha akasema kila anayetaka kazi asimame, apendekeze kitabu kimoja cha basketi anachokipenda. Mgeni wetu alikuwa Madam Syombua, mkutubi, mama wa miwani na sauti ya chini.

Kilonzo akaanza na kitabu cha sheria za mchezo. Watu wakapiga miayo. Mumbua akasifu hadithi ya msichana mfupi anayefunga kutoka mbali.

"Mwishowe anashinda?" kocha akauliza.

"Anashindwa, lakini utalia."

Akapigiwa makofi. Nikaona ufunguo unaniponyoka.

Nikasimama. Nikatoa kitabu changu kwenye mkoba, kimevalishwa gazeti kuukuu kama tulivyokuwa tunafanya shuleni. Nikawaeleza habari za timu isiyo na uwanja, inayofanya mazoezi na ndoo iliyotobolewa kitako. Nikaigiza pasi ya mwisho. Nikaruka! Kitabu hicho nimekisoma mara nne, na hapo sikudanganya. Uongo ulifuata.

"Umekipata wapi?" Mumbua akauliza.

"Mjomba alininunulia." (Mjomba wangu hajawahi kuninunulia hata peremende.)

Madam Syombua akashusha pumzi. "Hata sisi tulikuwa nacho kimoja. Kilipotea."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi je? "Mwaitu, mama yangu, watu wengine hawana haya! Kuiba kitabu cha umma? Mimi nikipewa ufunguo, haitatoka hata karatasi moja!"

Makofi! Kocha akaingiza mkono mfukoni kutoa ufunguo.

"Hebu nikione, kijana wangu," Madam akasema.

Nikampa bila wasiwasi. Ukurasa wa mbele wenye muhuri niliubandika gundi zamani, ukashikana na gazeti. (Nilikiazima maktabani nikiwa kidato cha tatu. Nikachelewa wiki moja, nikaona aibu kukirudisha. Aibu ikakua, na mimi nikakua.)

Hakuangalia hata mbele. Alilowesha kidole, akafungua moja kwa moja ukurasa wa kumi na saba, akakigeuza wote waone. Muhuri wa maktaba. Wa zambarau. Mkubwa!

"Hapa ndipo tunapogonga ule wa pili," akasema kwa upole. "Wa kwanza watu huuficha."

Ngai, Mungu wangu! Ukurasa huo nimeupita mara nne. Niliuzoea ule muhuri hata macho yangu yakaacha kuuona.

"Kumbe mjomba wako anafanya kazi maktaba?" Kilonzo akauliza. Watu wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Mkono wa kocha ukatoka mfukoni mtupu.

"Nisamehe, mwaitu," nikasema. Nilitaka ardhi inimeze, lakini simiti ya uwanja ule ni ngumu.

"Nimekusamehe. Tena umekisifu vizuri sana." Akatoa kalamu. "Nani angependa kukiazima?"

Timu nzima ikainua mikono. Akaandika majina yote, akaanza na Kilonzo, ambaye anasoma polepole kama anayetafuna muwa. Ufunguo amepewa Mumbua.

Kwa hivyo jamani, pendekezo langu ni lile lile: kitafuteni kitabu hicho, ni kizuri ajabu. Kwenye foleni wako watu kumi na mmoja, na wa kumi na mbili ni mimi.